SOMO LA JIOGRAFIA LITOKE DARASANI

Mvua za masika za mwaka 2024 ziliwapa watu wa Kenya somo ambalo halikuandikwa katika ratiba ya shule yo yote. Tangu Machi mpaka Mei mito ilifurika, nyumba zilichukuliwa na maji, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha yao. Shule zilizotazamiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili tarehe 29 Aprili zilicheleweshwa, zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Katika jiji la Nairobi, mitaa mingi ya upande wa mashariki ilijaa maji. Hivyo likatokea jambo la kufikirisha: watoto waliokuwa na habari za mafuriko katika vitabu vyao vya Jiografia walizuiwa na mafuriko yenyewe wasiende kuvisoma.

Wazazi wengi hudhani kwamba Jiografia ni somo la majina tu, yaani mtoto hukariri miji mikuu, mito mirefu na milima mirefu, kisha akafanya mtihani akasahau. Sivyo. Katika shule za sekondari za Kenya, kama katika nchi nyingi duniani, Jiografia ndilo somo lililobebeshwa sehemu kubwa ya mafunzo ya mazingira: udongo na jinsi unavyochukuliwa na maji, misitu na mvua, mito na uchafu, miji na takataka zake. Katika utaratibu wa elimu wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, mojawapo ya mada za Kidato cha Nne ni usimamizi na hifadhi ya mazingira.

Basi mafunzo hayo yamo kitabuni. Hapana ubishi juu ya hilo. Lililo la kuulizwa ni kama yanatoka kitabuni yakafika barabarani, mtoni na shambani. Nchi mbalimbali zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali, na majibu yao yafaa kujulikana na kila mzazi alipaye karo.

MTAA ULIO KAMA KITABU

Mtaa wa Umoja, ulioko mashariki ya jiji, ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, wafaa sana kuwa mfano. Ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Marekani, nao ulikusudiwa kuwapa makarani na wafanyakazi wengine wa mapato ya kadiri nafasi ya kuwa na nyumba zao wenyewe. Nyumba za kwanza zilikuwa za chini, ndogo, zenye nafasi ya wazi kidogo. Baadaye ikajengwa Umoja ya Pili, na sehemu nyingine ikaitwa Innercore. Leo mtu apitaye katika barabara ya Moi Drive huona majumba ya ghorofa nyingi yamesimama mahali pengi palipokuwa na nyumba za chini, na watu wameongezeka mara nyingi kuliko hesabu ya waliotazamiwa hapo kwanza.

Mwanafunzi wa Jiografia akiyatazama mabadiliko hayo kwa macho ya somo lake, ataona sababu na matokeo. Ardhi ya mashariki ya Nairobi ni tambarare, na udongo wake ni mweusi wenye kunata. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Wakati wa mvua huvimba ukajiziba, na maji yakakosa njia ya kuzama upesi. Upande wa magharibi ya jiji mambo ni mengine: nchi ni ya juu zaidi, ina miteremko, udongo wake ni mwekundu, na mvua yake ni nyingi zaidi. Mito ya Nairobi hushuka kutoka huko magharibi ikielekea mashariki.

Juu ya udongo huo mweusi usiokunywa maji upesi, watu wameweka mapaa ya mabati, saruji na lami, vitu ambavyo havinywi maji kabisa. Kwa hiyo mvua ya kadiri ileile iliyonyesha miaka 50 iliyopita, leo humwaga maji mengi zaidi barabarani, tena kwa haraka zaidi. Mfereji ukizibwa na takataka, maji hayana pa kwenda ila milangoni mwa watu. Mwanafunzi aelewaye jambo hili hatasema kwamba mafuriko ni bahati mbaya tu. Atajua ni sehemu gani ya msiba iliyoletwa na mawingu, na ni sehemu gani iliyoletwa na mikono ya watu.

SAFARI YA MAJI

Kadhalika maji ya kunywa yana Jiografia yake. Nairobi ilianza kwa kutumia chemchemi za Kikuyu. Ikaongeza bwawa la Ruiru mwaka 1950, kisha bwawa la Sasumua katika miaka hiyo hiyo ya 1950, na mwaka 1994 likamalizika bwawa la Ndakaini huko Murang'a. Bwawa hilo la Ndakaini laweza kuweka maji kiasi cha mita za ujazo milioni 70, na ndilo linaloleta sehemu kubwa ya maji ya jiji. Yote hutegemea mito itokayo katika misitu ya milima ya Nyandarua.

Mkulima wa Gatanga akilima mpaka ukingoni mwa kijito, mvua huuchukua udongo wake ikautia bwawani. Mkulima hupoteza rutuba ya shamba lake, na karani wa Umoja hupungukiwa na maji ya bomba. Watu hawa wawili huenda wasikutane maisha yao yote, lakini wamefungwa pamoja na mto mmoja. Jina la mtaa lenyewe, Umoja, lina maana pana kuliko walivyofikiri waliolichagua.

Maji yakisha kutumika, yana safari ya pili. Sehemu yake hupita katika mabomba ya maji machafu mpaka kwenye mitambo ya kuyasafisha huko Ruai. Sehemu nyingine humwagika katika mifereji na vijito bila ya kusafishwa. Mto wa Nairobi hupita kando ya jaa la taka la Dandora, ambalo haliko mbali na Umoja kwa upande wa kaskazini. Kisha huingia katika mto wa Athi, nao Athi hupita maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika, hushuka nchi za chini ukaitwa Galana, halafu Sabaki, mwisho ukamwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini ya mji wa Malindi. Watu wa Malindi huiona bahari yao ikigeuka rangi ya udongo kila mvua kubwa zinyeshapo bara. Udongo huo ni mashamba ya watu. Tena mfuko uliotupwa mferejini katika Umoja una njia iliyo wazi ya kuufuata udongo huo mpaka pwani.

Juu ya jaa la Dandora, hatari yake imepimwa. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza habari za uchunguzi wa watoto 328 wa jirani ya jaa hilo. Nusu yao hivi walionekana kuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na mtoto aliyedhuriwa ubongo hushindwa na masomo yote, Jiografia ikiwa mojawapo. Mambo haya si ya kuchezea.

AMRI BILA MAARIFA

Huenda mtu akasema, “Kazi ya kutunza mazingira ni ya Serikali, itoe amri, watu watatii.” Historia ya Kenya yaonyesha kwamba amri peke yake haitoshi.

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliona kuwa udongo wa Ukambani unachukuliwa na maji, ikasema ng'ombe wamezidi. Ikaanza kuwatwaa na kuwauza. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kulalamika, wakakaa huko majuma kadhaa. Serikali ikalegeza amri ya ng'ombe, lakini Mbingu mwenyewe akahamishiwa Lamu. Miaka kumi baadaye, katika wilaya iliyoitwa wakati huo Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, wanawake walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia maji. Nao wakakataa, wakaandamana. Matuta yalikuwa na faida, lakini waliochimba hawakuelezwa faida hiyo ikawaingia. Waliona jembe na amri tu.

Sasa yatazamwe yaliyotokea baadaye katika Machakos. Wakulima walipoona wenyewe kwamba shamba lenye matuta hushika maji na kuzaa zaidi, walichimba bila ya kusukumwa. Wengi walitumia njia iitwayo “fanya juu”: mkulima huchimba mtaro, akautupa udongo upande wa juu wa mteremko ukawa tuta, na kwa muda wa miaka ardhi iliyo kati ya matuta hujisawazisha polepole. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya nchi hiyo. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mpaka 1990 watu wa Machakos waliongezeka mara tano na zaidi, na hata hivyo mmomonyoko wa udongo ulipungua.

Tanzania nayo imeyaona mambo ya namna hiyo. Mwaka 1973 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu za Kondoa zilizokuwa zimechimbika makorongo. Majani yalirudi, lakini watu walipata taabu kwa kukosa mifugo yao. Huko Shinyanga, kazi iliyoanza mwaka 1986 ilifuata njia nyingine. Iliwarudisha Wasukuma kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani kutenga malisho yapumzike mpaka wakati wa kiangazi. Miti na majani yakaota tena katika sehemu kubwa ya nchi kwa mikono ya wenyeji.

Mambo haya yote yana fundisho moja. Mtu hutunza mahali pake akielewa panavyofanya kazi, na shule ndiyo iwezayo kumpa ufahamu huo mapema, kabla hajafika wakati wa amri na faini.

YALIYOKUBALIWA NA MATAIFA

Wakuu wa elimu duniani walilitambua jambo hili zamani. Baada ya mkutano wa Stockholm wa mwaka 1972, Umoja wa Mataifa uliunda Shirika lake la Mazingira, likapewa makao makuu Nairobi. Hivyo jiji hili lina heshima ambayo miji mingi huitamani. Mwaka 1977 wajumbe wa serikali nyingi walikutana Tbilisi, wakakubaliana kwamba mafunzo ya mazingira yamfikishe mtu katika mambo matano: kutambua, kujua, kujali, kuwa na ustadi, na kushiriki katika kazi. Wakasema pia kwamba mwanafunzi aanze na mazingira yake mwenyewe.

Wataalamu wa Jiografia nao hawakukaa kimya. Mwaka 1992 chama chao cha kimataifa kilitoa mkataba wa elimu ya Jiografia, na mwaka 2007, katika mji wa Lucerne huko Uswisi, wakatoa tangazo la kuunganisha somo lao na maendeleo yasiyoharibu urithi wa vizazi vijavyo. Basi katika karatasi mambo yamekwisha kukubaliwa. Tofauti ya nchi na nchi yatokea katika utekelezaji.

DESTURI ZA NCHI NYINGINE

Katika Uingereza, hasa England, mwanafunzi asomaye Jiografia kwa mtihani wa GCSE hapana budi atoke nje kufanya uchunguzi mara mbili au zaidi, katika mahali pawili pasipofanana. Shule hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba kazi hiyo imefanyika. Katika mtihani wa juu zaidi, wa A Level, hutakiwa siku nne, na kila mwanafunzi huandika uchunguzi wake mwenyewe. Hata hivyo Waingereza nao wana upungufu: mtoto wa huko aweza kuliacha somo hilo afikapo umri wa miaka 14 hivi.

Japani ni nchi ya matetemeko, tufani na mawimbi makubwa ya bahari. Kwa miaka mingi Jiografia ilikuwa somo la kuchagua katika shule za juu za nchi hiyo. Wataalamu na walimu wengi waliona hatari ya vijana kukua bila kuijua ardhi wanayoikanyaga, na tangu mwaka 2022 somo la Jiografia ya jumla limekuwa la lazima. Katika somo hilo vijana husoma ramani za hatari za miji yao wenyewe, wakajua ni mtaa gani hufunikwa na maji na ni njia gani ya kukimbilia.

Huko India jambo lilianzia mahakamani. Mwanasheria M. C. Mehta alipeleka shauri mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, nayo mwaka 1991 ikaamuru mafunzo ya mazingira yawe ya lazima katika shule. Lakini amri hiyo ilikawia kutekelezwa, na mwaka 2003 mahakama ilikuwa bado inawakumbusha wakuu wa elimu. Kwa hiyo hata amri ya mahakama haimfikishi mtoto mtoni. Mwalimu ndiye amfikishaye.

Jirani za Kenya nazo zina la kufundisha. Katika Tanzania, Jiografia imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo ya lazima mpaka Kidato cha Nne. Katika Uganda, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeiweka Jiografia katika masomo ya lazima. Tena sehemu ya alama za mwisho, asilimia 20, hutokana na kazi zinazofanywa shuleni katika miaka ya masomo, si karatasi ya mtihani peke yake.

HALI ILIVYO KENYA

Katika Kenya, chini ya 8-4-4, wanafunzi wengi waliiacha Jiografia baada ya Kidato cha Pili, kwa kuwa halikuwa somo la lazima. Wanaobaki nalo huulizwa katika mtihani wa KCSE maswali juu ya uchunguzi wa nje: utajitayarishaje, utatumia vifaa gani, utapata shida gani. Maswali ni mazuri. Lakini karatasi haiwezi kujua ni nani aliyekwenda mtoni na ni nani aliyekariri majibu akiwa kwenye dawati. Kijana aweza kupata alama nzuri kwa safari ambayo hakuifanya.

Sasa mambo yanabadilika. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, yaani mwanzo wa sekondari ya juu, na mtihani wa KCSE unakusudiwa kwisha mwaka 2027. Mtaala huu una njia tatu: ya sayansi, ufundi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Jiografia imo, lakini ni ya kuchagua. Maana yake ni kwamba mtoto wa Umoja aweza kumaliza shule akiwa mhandisi mtarajiwa wa barabara, asiwe amefundishwa katika sekondari ya juu kwa nini maji hujaa katika barabara ya kwao.

Hata hivyo mtaala huo una mlango uliofunguliwa. Wanafunzi wote hutakiwa kufanya kazi ya huduma kwa jamii kama sehemu ya masomo yao. Mwalimu wa Jiografia akishirikiana na msimamizi wa kazi hiyo, uchunguzi wa mazingira ya mtaa waweza kuwafikia hata wale ambao hawakulichagua somo lake.

KAZI ISIYOHITAJI GARI

Shule nyingi hudai kwamba uchunguzi wa nje ni ghali. Ni kweli, ikiwa maana yake ni kukodi basi kwenda Naivasha au Malindi. Lakini somo la mazingira laweza kuanza kwenye lango la shule, nalo halihitaji zaidi ya viatu, daftari, saa, rula na makopo machache. Kazi nne zifuatazo zaweza kufanywa katika Umoja, au katika kijiji cho chote.

Ya kwanza ni kupima mvua. Kopo lenye ubavu ulionyooka huwekwa mahali pa wazi, na kila asubuhi saa tatu maji yaliyomo hupimwa kwa rula. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Basi paa lenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10 likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 2,400, yaani madumu 120 ya lita 20. Mwanafunzi akifanya hesabu hiyo katika mtaa ambao maji ya bomba hayaji kila siku, atajiuliza mwenyewe kwa nini maji hayo yaachwe yaende mferejini. Na akizidisha kwa mapaa yote ya barabara moja, atajua mafuriko hutoka wapi.

Ya pili ni kupima unywaji wa ardhi. Kopo lisilo na kitako huzamishwa kidogo ardhini, likatiwa maji ya kipimo kimoja, na saa ikatazamwa mpaka maji yaishe. Hufanywa hivyo penye majani, penye udongo mtupu, na penye njia iliyokanyagwa na watu. Tofauti itakayoonekana yatosha kumweleza mkulima faida ya majani shambani, na kumweleza mjenzi faida ya kuacha uwanja bila saruji.

Ya tatu ni kuchora ramani ya mifereji. Wanafunzi hufuata mfereji mmoja tangu mwanzo mpaka unapoishia, wakaandika mahali palipozibwa, na kilichouziba. Ganda la chungwa likitupwa katika maji na kuhesabiwa sekunde linazotumia kwenda mita 10, mwendo wa maji hujulikana. Kazi hii ifanywe wakati wa maji machache, mwalimu akiwapo, kwa maana mfereji uliofurika huua. Ramani hiyo haifai kuachwa ukutani darasani. Yafaa nakala yake ipelekwe kwa mwakilishi wa wadi na kwa ofisi za kaunti kabla ya mvua za Machi na za Oktoba.

Ya nne ni kuhesabu takataka. Taka za siku moja za shule hutengwa makundi: mabaki ya chakula, karatasi, plastiki, vyuma. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali ya faini mpaka shilingi milioni nne au kifungo mpaka miaka minne. Wanafunzi wataweza kuona wenyewe ni plastiki ya namna gani iliyoondoka na ni ya namna gani iliyobaki. Tena wataona kwamba mabaki ya chakula yaweza kuwa mbolea, badala ya kupelekwa jaani kuoza.

KWA LUGHA YA NYUMBANI

Liko jambo moja zaidi ambalo halitajwi sana. Katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanzania, Jiografia kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hujua jina la Kiingereza la mmomonyoko wa udongo, akaliandika vizuri katika mtihani. Lakini aendapo kwa babu yake likizoni, akakuta korongo linakula shamba, hukosa maneno ya kumweleza mzee. Na mzee, ambaye pengine alichimba matuta tangu utoto, hukosa mtu wa kumrithisha aliyoyajua. Maarifa mawili hukaa katika nyumba moja bila kuamkiana.

Kwa hiyo kila uchunguzi wa nje ufaao hauna budi kumalizika kwa baraza: wanafunzi wawaeleze wazazi na majirani, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, yale waliyoyapima. Mwanafunzi awezaye kumweleza mama muuza mboga kwa nini mfereji ulio mbele ya kibanda chake hujaa, huyo amelijua somo. Naye mama akisema mfereji huo ulikuwa wapi miaka 20 iliyopita kabla haujajengewa juu, mwanafunzi ameongezewa jambo ambalo halimo kitabuni.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 69 chamtaka kila mtu ashirikiane na Serikali katika kuyatunza. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2004, alianza kazi yake kwa kuwasikiliza wanawake wa vijijini waliokosa kuni na maji, kisha akawafundisha kuotesha miche kwa mikono yao. Hakuanza na mabara ya mbali. Alianza na udongo uliokuwa miguuni pao.

Mzazi ambaye mtoto wake anachagua masomo mwaka huu, na amwulize mwalimu wa Jiografia swali moja: katika muhula huu, wanafunzi watatoka nje siku ngapi, na watapima nini? Mwenye shamba aliye karibu na shule, na awakaribishe wanafunzi waje kupima udongo wake. Na karani wa Umoja, badala ya kungoja maji yaingie ndani ndipo alalamike, na awaombe walimu wa shule ya jirani wampe ramani ya mfereji wake. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ufa wenyewe hauwezi kuzibwa na mtu asiyejua ulipo.